Kutengeneza Dredi Saluni: Hukumu ya Nywele Zilizoshikana na Josho la Janaba

Shukrani zote anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Suala lililotufikia

Kijana mmoja, mkazi wa Mbagala wilayani Temeke, alitujia baada ya darsa akiwa amefunika kichwa kwa kofia kubwa ya kufuma. Alikuwa machimboni Kanda ya Ziwa kwa miaka mitatu. Maji huko yalikuwa ya kununua kwa dumu, na kitana hakikupita kichwani mwake. Nywele zikashikana zenyewe, zikawa mafundo na kamba, hizi ziitwazo dredi. Sasa amerudi Dar es Salaam na amechumbia. Baba wa binti amemwekea sharti: ama azipeleke saluni zikatengenezwe zionekane ni za mtu nadhifu, ama azinyoe kabla ya siku ya ndoa.

Akatuuliza mambo mawili. La kwanza, je, inafaa azipeleke saluni? La pili alilisema kwa sauti ya chini: je, majosho yake ya janaba ya miaka yote hiyo yalisihi, na swala zake zina hukumu gani? Kisha akaongeza kuwa katika msikiti mmoja mzee alimwambia atoke safu ya mbele mpaka atakapokata nywele hizo, na tangu siku hiyo anaswali nyumbani.

Haukupita muda, likatufikia suala jingine kupitia kwa ukhti anayesomesha darsa ya akina mama Kinondoni. Mwanamke mmoja ana dredi za nywele zake mwenyewe, na kila mwezi huenda kwa msusi kuzisokota upya kwa nta. Naye anauliza kuhusu josho la janaba na la hedhi.

Masuala haya mawili yanafanana kwa sura, lakini hukumu zake hazifanani. Tumeona ni vyema tuyaeleze kwa pamoja, kwa sababu wanafunzi wetu na maimamu wa mitaani huulizwa mara kwa mara, na majibu yanayotolewa huwa ni ya haraka: wengine husema ni haramu bila ya ufafanuzi, na wengine husema nywele si ibada, fanya upendavyo. Yote mawili hayatoshi.

Tufahamu kwanza kinachoulizwa

Wanazuoni wamesema kuwa kukihukumia kitu ni tawi la kukifahamu. Katika lugha ya watu wa Dar es Salaam neno "rasta" lina maana mbili. Mara nyingi mwanamke akisema amesuka rasta, anakusudia nywele za bandia za nyuzi zilizounganishwa na nywele zake. Mara nyingine rasta ni mtu mwenye imani ya Kirasta, au mtu yeyote mwenye nywele zilizoshikana. Mufti akijibu kuhusu rasta bila ya kuuliza ni ipi, huenda akajibu suala ambalo hakuulizwa. Sisi hapa tunazungumzia dredi, yaani nywele za mtu mwenyewe zilizoshikana zikawa kamba.

Kushikana huku kuna sababu yake. Kwa kawaida binadamu hupoteza baina ya nywele 50 na 100 kila siku. Anayechana nywele huziondoa zile zilizong'oka. Asiyechana, hasa mwenye nywele za kipilipili, zile zilizong'oka hubakia zikajisokota pamoja na zilizo hai, na baada ya miezi huwa fundo lisilofumuka.

Ama kazi ya saluni ni ya namna nyingi. Wapo wanaosafisha kwa maji na sabuni, wakatenganisha mashina na kupunguza ncha. Wapo wanaosokota ukuaji mpya wa shinani kwa jeli inayotoka kwa maji. Wapo wanaopaka nta au gundi ili kamba ziwe ngumu na zing'are. Wapo wanaotumia sindano ya kukrosheti kuzifunga na kuzikaza kutoka ndani. Na wapo wanaoongeza nywele nyingine ili dredi ziwe ndefu au nene. Kila moja katika hizi ina hukumu yake, kama tutakavyoona inshaallah.

Nywele katika mafundisho ya Mtume (SAW)

Asili ya nywele ni kuwa ni neema na mapambo. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (RA) kwamba Mtume (SAW) alimuamrisha mwenye nywele azikirimu. Akapokea tena kutoka kwa Jabir (RA) kwamba Mtume (SAW) alimuona mtu ambaye nywele zake zimetawanyika, akashangaa kama mtu huyo hakupata kitu cha kuzituliza. Kwa upande wa pili, imepokewa katika Sunan kutoka kwa Abdullah bin Mughaffal (RA) kwamba Mtume (SAW) alikataza kujichana ila kwa kupitisha siku. Wanazuoni wamefahamu kuwa makusudio yake ni kumzuia mtu asiifanye kazi ya nywele kuwa ndiyo shughuli yake ya kila siku. Basi Sunna iko katikati: usafi bila ya upuuzaji, na pambo bila ya kupita kiasi.

Kusuka nako si jambo geni. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Ummu Hani (RA) kwamba Mtume (SAW) aliingia Makka akiwa na misuko minne. Na katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria, alifanya talbidi, yaani alizigandisha nywele zake kwa kitu chenye kunata ili zisitimke wala zisiingie vumbi na chawa katika ihramu. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim kwa hadithi ya Bi Hafsa (RA).

Kwa hiyo haiwezekani kusema kuwa nywele kufungamana au kugandishwa ni haramu kwa dhati yake. Uzito wa suala uko mahali pengine, nao ni maji.

Josho la janaba ndilo shina la mas-ala

Allah (SW) ametuamrisha katika aya ya 6 ya Suratul Maida kujitwahirisha tunapokuwa na janaba. Wanazuoni wamekubaliana kuwa maji yaenee mwili mzima. Ama nywele zilizosukwa, wamekhitalifiana.

Katika Sahihi Muslim, Bi Ummu Salama (RA) alimueleza Mtume (SAW) kuwa yeye hukaza misuko ya kichwa chake, akauliza kama inamlazimu kuifumua kwa ajili ya josho la janaba. Mtume (SAW) akamjibu kuwa hapana, inamtosha kujimwagia kichwani mateko matatu ya maji, kisha ajimwagie mwili mzima. Na humo humo katika Muslim, Bi Aisha (RA) ilipomfikia habari kuwa Abdullah bin Amr (RA) anawaamuru wanawake wafumue nywele zao wakioga, aliikataa kauli hiyo, akasema kwa kushangaa kwa nini basi asiwaamuru wanyoe vichwa kabisa. Lakini Mtume (SAW), alipomfundisha Asmaa josho la hedhi, alimuelekeza asugue kichwa kwa nguvu mpaka maji yafike kwenye mashina.

Kutokana na hadithi hizi, madhehebu yakasimama hivi:

Mahanafi wamesema mwanamke inamtosha maji yafike kwenye mashina ya nywele, hata kama misuko yenyewe haikulowa ndani. Ama mwanamume ni lazima afumue, kwa sababu yeye anaweza kunyoa bila ya taabu.

Malik na wafuasi wake hawamlazimishi mwenye misuko kuifumua, maadamu haikukazwa kiasi cha kuzuia maji, wala haikufungwa kwa nyuzi nyingi.

Mahanbali, kwa kauli mashuhuri kwao, wametofautisha: hakufumuliwi kwa janaba iwapo mashina yanalowa, na kunafumuliwa kwa hedhi. Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria) ameyaeleza haya kwa urefu katika Al-Mughni.

Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, wamesema ni wajibu maji yafike kwenye nywele nje na ndani, hata zikiwa nyingi, na ni wajibu kufumua misuko ikiwa maji hayaingii ndani ila kwa kufumua. Ikiwa yanaingia bila ya kufumua, si lazima. Wameifahamu hadithi ya Bi Ummu Salama kuwa misuko yake ilikuwa ikipitisha maji. Katika kauli hii hakuna tofauti baina ya mwanamume na mwanamke, wala baina ya janaba na hedhi.

Fundo lililojifunga na fundo lililofungwa

Hapa ndipo penye faida ambayo wengi huipita. Mwanafunzi aliyesoma Fat-hul Muin atakumbuka kuwa baada ya kutajwa wajibu wa kufikisha maji ndani ya nywele, fuqahaa wa Kishafii wamevua jambo moja: ndani ya nywele zilizojifunga zenyewe. Hizo zimesamehewa, hata zikiwa nyingi. Ramli (aliyefariki mwaka 1004 Hijria) ameunganisha na hizo hali ya mtu aliyepewa mtihani wa mayai ya chawa yaliyogandana na mashina ya nywele zake. Sababu ni moja, nayo ni mashaka yasiyoepukika. Na sheria yetu huleta wepesi palipo na mashaka.

Ama fundo ambalo mtu amelifunga kwa mkono wake, au amemlipa mtu amfungie, halina msamaha huo mpana. Hilo linarudi kwenye asili: maji yaingie, na yasipoingia lifumuliwe.

Tazama basi namna hukumu inavyogeuka. Kijana wetu wa Mbagala, nywele zake zilishikana zenyewe kwa hali ya maisha. Alipooga, akafikisha maji kwenye ngozi ya kichwa na nje ya kamba zake, josho lake limesihi kwa madhehebu yetu, na ndani ya mafundo kumesamehewa. Lakini siku atakayokaa kwenye kiti cha saluni, zikakazwa kwa sindano na kupakwa nta, atakuwa ametoka katika rukhsa kwa miguu yake mwenyewe. Kile ambacho mkwewe anakiona ni unadhifu, huenda kikamtia katika wajibu ambao hakuwa nao.

Huenda mtu akasema: je, aliyeacha kuchana kwa makusudi ili zishikane, naye ana rukhsa hiyo? Tunaona huyo hafanani na aliyepatwa na jambo bila ya kulitaka. Maneno ya fuqahaa ni kuhusu zilizojifunga zenyewe, na aliyeiandaa sababu yuko karibu na aliyelitenda jambo. Ihtiyati kwake ni kuwa asiutegemee msamaha huu, bali ahakikishe maji yanaingia.

Na kuhakikisha huko hakudai yakini ya kila unywele. Fuqahaa wetu wamesema dhana yenye nguvu yatosha katika kuenea kwa maji. Dredi zisizo na nta hunyonya maji kama sifongo, huwa nzito na huchukua saa nyingi kukauka. Basi mwenye nazo azitie maji kwa wingi, azikamue, azitie tena. Zikikamuliwa na maji yakatoka ndani yake, hiyo ni dalili ya kutosha kuwa yameingia. Asifungue mlango wa wasiwasi.

Nta na gundi

Nta ni jambo jingine. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameitaja nta kwa jina lake katika Al-Majmuu: ikiwa kwenye kiungo cha mtu pana nta, unga uliokandwa, hina iliyoganda au mfano wake, ikazuia maji kufika, twahara yake haisihi. Rangi peke yake haidhuru, kwani rangi si kiwiliwili chenye kuzuia. Na kabla yake Imamu Shafii mwenyewe katika Al-Umm alimtaja mtu aliyegandisha kichwa chake kwa kitu kinachozuia maji, akasema ni juu yake akioshe mpaka maji yafike kwenye nywele na ngozi.

Atakayesema kuwa Mtume (SAW) mwenyewe alifanya talbidi, tunamjibu kuwa ile ilikuwa kwa siku za ihramu tu, takriban nusu mwezi, kisha akanyoa. Na ndani ya ihramu jimai imekatazwa, kwa hiyo haja ya josho la janaba ni nadra. Dalili ya talbidi ina nguvu katika kupangusa kichwa wakati wa udhu, na baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wameitumia hivyo. Lakini kupangusa si kuosha. Mtu aliyeoa, mwenye nta kichwani mwezi baada ya mwezi, hawezi kujipimia kwa aliyemo katika ihramu.

Yapo pia mambo ya siha. Nta hukamata vumbi la mji na haitoki kwa urahisi. Dredi zinazobaki na unyevu ndani hutoa harufu na huweza kuota ukungu. Na kukaza shinani kila mara hung'oa nywele za pembezoni mwa uso, na huenda zisiote tena. Haya ni madhara, na madhara huondolewa.

Kumbuka na siku ya kuoshwa

Tunawaomba waulizaji wafikirie jambo jingine ambalo waosha maiti wanalijua. Bukhari amepokea kutoka kwa Ummu Atiyya (RA) kuwa walipomuosha binti wa Mtume (SAW) walizifumua nywele zake, wakaziosha, kisha wakazisuka misuko mitatu. Sasa anapofariki mwenye nywele zisizofumuka, zenye gundi, waoshaji wafanye nini?

Khatib Shirbini (aliyefariki mwaka 977 Hijria) na wengineo miongoni mwa Mashafii wameeleza kuwa iwapo nywele za maiti zimegandishwa kwa gundi au mfano wake, na maji hayafiki mashinani ila kwa kuziondoa, basi ni wajibu kuziondoa. Ama zikiwa zimeshikana tu na maji yanafika, hazikatwi. Basi asiyetaka mwili wake usimamiwe na majirani wenye mkasi, huku jamaa wakibishana nje ya pazia na jeneza linangoja, na alifikirie hilo leo. Na waosha maiti wasikimbilie mkasi kabla ya kujaribu maji ya uvuguvugu na sabuni.

Udhu ni mwepesi zaidi

Katika udhu, Mashafii wanatosheka na kupangusa sehemu ya kichwa, hata kama ni ndogo. Mwenye dredi akipangusa sehemu ya ngozi ya kichwa au nywele iliyo ndani ya mpaka wa kichwa, udhu wake umesihi. Kosa tunaloliona kwa wengi ni kupangusa kamba zinazoning'inia shingoni au mgongoni. Hizo zimetoka nje ya mpaka wa kichwa, na kuzipangusa peke yake hakutoshi. Apanguse juu ya utosi au mbele. Ama anayefuata kauli ya kupangusa kichwa kizima, si lazima afumue.

Je, dredi ni kujifananisha na makafiri?

Hili ndilo linaloharakishiwa zaidi. Urasta ulianza Jamaika katika miaka ya 1930, baada ya kutawazwa Haile Selassie kuwa mfalme wa Ethiopia tarehe 2 Novemba 1930, na wafuasi wake wengi walimpa daraja ya uungu. Hii ni shirki iliyo wazi. Na mnamo Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya mwanafunzi wa kike wa Nairobi aliyezuiwa kusoma kwa sababu ya dredi zake, iliamua kuwa Urasta ni dini yenye kulindwa na Katiba ya nchi hiyo. Basi anayefuga dredi kwa kuitukuza imani hiyo, akavaa rangi na alama zake, ameingia katika onyo la hadithi ya Ibn Umar (RA) iliyopokewa na Abu Dawud kuhusu mwenye kujifananisha na watu.

Lakini nywele zenyewe si mali ya Warasta. Wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Kenya walikuwa nazo katika miaka ya 1950, na Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 akiwa na nywele hizo. Huko Senegal, Baye Fall, ambao ni Waislamu wa twarika ya Muridiyya, wanajulikana kwa nywele hizo. Morani wa Kimasai nao wana nywele zao ndefu za kusokotwa tangu zamani. Leo mjini Dar es Salaam wamo wenye dredi ambao ni wasanii, mafundi, wavuvi, na wanawake wanaokimbia gharama na dawa za kulainisha nywele, na hakuna katika hao anayemkusudia Haile Selassie.

Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki mwaka 852 Hijria), alipozungumzia vazi lililokuwa alama ya Mayahudi, alieleza katika Fat-hul Bari kuwa hoja ya kujifananisha inasimama wakati vazi lile ni alama yao. Ilipoondoka hali hiyo, vazi likaingia katika mambo ya mubaha. Kwa kipimo hiki, hukumu inafuata nia na ada ya mahali. Palipo na nia mbaya au alama ya dini nyingine, ni haramu. Pasipokuwa nayo, haiwi haramu kwa sababu hii. Hata hivyo tunamnasihi mwanamume ajiepushe na sura inayomtia katika dhana mbaya za watu, na ajiepushe na kujitafutia umashuhuri kwa umbo lake.

Nani anayetengeneza, na kwa nini

Yamebakia masharti ya saluni yenyewe.

Kwanza, jinsia. Haijuzu mwanamke wa Kiislamu kushikwa nywele na mwanamume ajinabi. Tunalisema hili wazi kwa sababu Dar es Salaam inao vijana wengi wa Kimasai wanaosuka wanawake barazani na masokoni, na watu wamelizoea hata halionekani kuwa ni jambo. Umahiri wa mikono yao hauwafanyi kuwa maharimu. Vivyo hivyo mwanamume asikae akisokotwa nywele na binti ajinabi, jambo ambalo limeenea katika saluni nyingi. Mwanamke achague saluni ya wanawake yenye pazia, si ile ambayo kila apitaye barabarani anamuona.

Pili, nywele za kuongeza. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (SAW) amemlaani mwenye kuunganisha nywele na mwenye kutaka kuunganishiwa. Nywele za binadamu ni haramu bila ya shaka. Nyuzi na sufi zina ikhtilafu, na Layth bin Saad ni katika walioruhusu. Ama kinachodanganya macho kikaonekana ni nywele, kukiacha ndiyo salama.

Tatu, israfu. Anayekosa ada ya madrasa ya mtoto wake huku hakosi miadi ya msusi, basi mizani yake imeinama.

Jawabu kwa waulizaji wawili

Kwa kijana wa Mbagala tunasema: majosho yako yaliyopita, maadamu ulifikisha maji kwenye ngozi ya kichwa na nje ya nywele, yamesihi inshaallah, na hulazimiki kulipa swala. Shaka inayomjia mtu baada ya kumaliza ibada yake haiharibu ibada hiyo. Ama mbele yako ziko njia tatu. Ukinyoa, hiyo ndiyo njia nyepesi na salama zaidi kwa mtu anayekaribia kuoa, na umemridhisha mkweo kwa jambo lisilo na maasia. Ukizipunguza na kuzisafisha kwa maji, sabuni na mafuta mepesi, kwa kinyozi mwanamume, bila ya nta wala sindano, inajuzu, na rukhsa yako inabaki. Ukizikaza kwa sindano na nta, tunakukataza, kwa sababu utaibeba shaka katika kila josho la maisha yako ya ndoa. Sharti la mkweo lina njia mbili, nawe hukufungiwa ile iliyo nyepesi.

Kwa dada wa Kinondoni tunasema: mlango wako una wasaa zaidi, kwani Sunna imewahurumia wanawake katika misuko. Endelea na nywele zako ukitaka, lakini iache nta, umuombe msusi atumie jeli inayotoka kwa maji, asikaze kupita kiasi, na awe mwanamke. Katika josho la hedhi zidisha kusugua mashina na kuzikamua kamba. Ama swala zilizopita, ikiwa una yakini kuwa nta ilizuia maji kufika kichwani, utazilipa kidogo kidogo kadiri ya uwezo wako. Ikiwa ni shaka tu, usijitese.

Neno kwa maimamu

Tunamalizia kwa ndugu zetu maimamu na wazee wa misikiti. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Talha bin Ubaydillah (RA) kuwa alikuja kwa Mtume (SAW) mtu wa Najdi, nywele zake zimetimka, sauti yake inavuma bila ya kufahamika mpaka akakaribia, akawa anauliza kuhusu Uislamu. Mtume (SAW) alimfundisha swala tano, saumu na zaka. Mtu yule akaondoka akiapa kuwa hatazidisha wala hatapunguza, na Mtume (SAW) akasema amefaulu akiwa mkweli. Katika riwaya hiyo hatuoni kuwa alimfukuza wala kumrudisha nyuma kwa ajili ya kichwa chake. Na alipomuelekeza mtu mwingine azitengeneze nywele zake, kama ilivyo katika Muwatta, alimuashiria kwa upole, mtu akaenda akajitengeneza, akarejea.

Kijana huyu aliitunza swala machimboni, mahali ambapo maji yalinunuliwa kwa dumu. Ameipoteza jamaa yake mjini, penye misikiti kila mtaa, kwa neno moja la mtu wa safu ya mbele. Safu ya mbele ni ya aliyewahi. Anayeona kosa kichwani mwa nduguye amngoje swala imalizike, amshike mkono, amfundishe josho. Tulimuomba arejee msikitini Ijumaa ile ile, na tulimuahidi kukaa naye safu moja.

Tunamuomba Allah (SW) atutwahirishe nyoyo na miili yetu, na atufahamishe dini yetu. Wallahu aalam.